Mitishamba kwa Mwenye Sonona: Namna ya Kuijaribu Bila Kujiumiza

Maswali ni yale yale kila siku. Kuna mti unaotibu sonona? Naweza kuunywa pamoja na vidonge vya hospitali? Nimekunywa wiki nzima sijaona kitu, niongeze? Kwa ufupi: upo, hasa mmoja, mara nyingi hapana, na usiongeze. Kwa urefu, soma mpaka mwisho kabla hujanunua chochote.

Wengi huanza kwa kuuliza kama dawa inafanya kazi. Wewe anza kwa kuuliza kama unatumia dawa nyingine. Mmea wenye nguvu ya kugusa ubongo haushindwi kuligusa ini, na ini, kwa sehemu kubwa, ndilo linaloamua dawa zako nyingine zikae mwilini muda gani. Madhara makubwa ya mitishamba ya sonona hutokea hapo: mtu anakunywa kitu "cha asili tu", halafu kidonge alichokitegemea miaka mingi kinageuka maji.

Usianze kabisa kama uko hapa

Una mawazo ya kujiua au kujidhuru. Huli, hunywi, au hutoki kitandani. Unasikia sauti wengine hawazisikii. Ukiwa na lolote kati ya haya, nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako. Mwambie mtu mmoja aliye karibu, kwa maneno ya wazi: "Nina mawazo ya kujiua." Mtishamba wowote unahitaji wiki kadhaa, na wewe huna wiki kadhaa za kusubiri.

Wengine wa kukaa kando ni mjamzito, anayenyonyesha, mtoto aliye chini ya miaka 18, na mtu aliyewahi kupata vipindi vya "kupanda": analala kwa saa mbili tu na hachoki, anaongea bila kituo, anamaliza fedha kwa mambo ya ajabu. Huyo huenda ana ugonjwa wa baipola, na dawa ya kuinua moyo inaweza kumrusha juu kuliko anavyotaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari linaonyeshwa kwa daktari bila kutafuta chaji.
- Dodoso la PHQ-9. Ni maswali 9 ya kupima sonona yanayotumika duniani kote, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Muulize mhudumu wa afya.
- Makopo na pakiti za kila dawa unayoimeza, kuipaka, kuichoma au kuwekewa chini ya ngozi.
- Majibu ya maabara: kipimo cha tezi ya shingo (TSH), wingi wa damu, sukari, ini. Kwa mwanamke, kipimo cha mimba.
- Mfamasia au daktari anayejua unachotaka kufanya.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayekuona kila siku. Mwenye sonona ni shahidi mbovu wa hali yake mwenyewe. Mara nyingi wa pembeni ndiye anayeona kwanza kwamba umeanza kula vizuri au umeanza kuropoka.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sonona, na ujue ukubwa wake

Huzuni ya siku tatu baada ya msiba au kufukuzwa kazi si sonona. Kinachotazamwa ni wiki 2 mfululizo za moyo kuzama au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, pamoja na mabadiliko ya usingizi, chakula, nguvu na umakini.

Jaza PHQ-9. Kila swali lina alama 0 (hakuna kabisa), 1 (siku kadhaa), 2 (zaidi ya nusu ya siku) au 3 (karibu kila siku). Jumlisha, kikomo ni 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 kali kiasi, 20 kwenda juu ni kali. Mitishamba ina nafasi kwenye madaraja mawili ya kwanza tu. Ukiwa na 15 au zaidi, tiba yako ni ya daktari na mshauri nasaha.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiandika namba yoyote isiyo 0, usiendelee kusoma mwongozo huu. Rudi juu, kwenye maneno ya kwenda hospitali leo.

Kisha angalia kama chanzo ni mwili. Tezi ikizembea, damu ikipungua, sukari ikivurugika, mtu huonekana ana sonona kumbe ana kitu kinachotibika kwa kidonge kingine. Dawa nazo hushusha moyo: baadhi ya steroidi, efavirenz kwenye ARV, mefloquine ya malaria. Pombe iko kwenye orodha hiyohiyo, tena juu kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo wauza dawa hawalisemi. Ipo mitishamba inayoweza kuleta sonona. Miti ya jamii ya Rauvolfia, inayotumika kushusha presha na kutuliza "waliochanganyikiwa", ina reserpine, kemikali inayomaliza akiba ya serotonini, dopamini na noradrenalini, ambazo ubongo huzitumia kupeleka ujumbe. Ukiwa unakunywa dawa ya mizizi ya presha na moyo umezama tangu uianze, peleka mizizi hiyo kwa daktari kabla hujatafuta mti wa pili wa kuutibu wa kwanza.

Hatua ya 2: Andika kila kinachoingia mwilini

Panga makopo yote mezani uandike jina, dozi, na ulianza lini. Watu husahau vilevile kila mara: kijiti cha uzazi wa mpango, dawa ya maumivu ya tramadol, syrup ya kikohozi yenye dextromethorphan, vidonge vya kipandauso, na chai ya mitishamba ya usingizi ambayo "si dawa".

Mpelekee mfamasia orodha hiyo *kabla* ya kununua. Muulize swali moja: "Kati ya hizi, zipi hazipatani na mmea huu?" Ukimwuliza tu kama ni salama, atakujibu kwa ujumla na utarudi na jibu la jumla.

Hatua ya 3: Chagua mmea mmoja tu

*St. John's wort (Hypericum perforatum).* Huu ndio wenye ushahidi mzito kuliko yote. Ni mmea wa maua ya njano. Ukiinua jani lake kwenye mwanga utaona vitone kama limetobolewa kwa sindano, na ukiminya chipukizi la ua kati ya vidole linaacha doa jekundu la zambarau. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 29 zenye wagonjwa 5,489: mmea ulishinda kidonge kitupu (kisicho na dawa ndani), ulikaribiana na dawa za kawaida za sonona, na ulisumbua watu kidogo kuliko hizo. Matokeo mazuri zaidi yalitoka nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako madaktari wameuzoea. Upande wa pili kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, watu 340 wenye sonona ya wastani hadi kali: mmea haukushinda kidonge kitupu kwenye vipimo vikuu, na sertraline, dawa ya sonona ya hospitali iliyowekwa kando yake, haikushinda pia. Usikubali kuuziwa nusu ya habari hii, iwe nusu tamu au nusu chungu.

Hatari yake ni ileile nguvu yake. Kemikali yake ya hyperforin huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, hasa CYP3A4, na dawa nyingine zinavunjwa kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2000 watafiti waliwapa watu wenye afya njema St. John's wort pamoja na dawa ya HIV ya indinavir. Kiasi cha indinavir kwenye damu kilishuka kwa 57%. Kwa hiyo usiuguse kama unatumia:

- ARV, zikiwemo dolutegravir na efavirenz
- vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango, pamoja na vidonge vya dharura
- warfarin na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda
- digoxin ya moyo
- dawa za kifafa
- cyclosporine au tacrolimus baada ya kupandikizwa kiungo
- dawa nyingi za saratani
- dawa mseto ya malaria ya artemether na lumefantrine
- dawa yoyote ya sonona, tramadol, au vidonge vya kipandauso vya jamii ya sumatriptan. Hapa tatizo ni serotonini kufurika

Orodha hii haijakamilika, ndiyo maana mfamasia yuko kwenye Hatua ya 2.

*Zafarani.* Tafiti zake ni nyingi kiasi lakini ndogo, za wiki 6 hadi 8, na sehemu kubwa zimefanyika Iran. Dozi iliyotumika zaidi ni miligramu 30 za kiini (kimeelezwa Hatua ya 4) kwa siku. Matokeo yanatia moyo kwa sonona nyepesi na ya wastani, na haina vurugu ya ini kama mwenzake. Lakini kuanzia gramu 5 inaanza kuwa sumu. Mjamzito aiache kama dawa. Ya kwenye pilau haina neno.

*Rhodiola rosea.* Utafiti mdogo wa mwaka 2015 ulioilinganisha na sertraline uliona nguvu yake ni ndogo, na madhara yake pia madogo. Inachangamsha, kwa hiyo ni ya asubuhi. Ikinywewa usiku inakesha nawe.

*Ashwagandha.* Inauzwa sana kwa msongo wa mawazo, na msongo si sonona. Inaweza kupandisha homoni za tezi, na zipo ripoti za ini kuumia. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

*Manjano.* Ya kwenye mchuzi ni chakula. Vidonge vya curcumin vilivyochanganywa na kiini cha pilipili manga ili vifyonzwe zaidi ni jambo lingine: baadhi ya watumiaji wamepata homa ya ini.

*Kava.* Hutumika kutuliza wasiwasi. Ujerumani iliiondoa sokoni mwaka 2002 kwa sababu ya ini. Iache.

*Valeriani na kamomili.* Zinaweza kutuliza na kuleta usingizi. Sonona zinaiacha palepale.

Kosa la wengi katika hatua hii ni kununua mchanganyiko wa "mimea 12 ya furaha". Ukipata nafuu hutajua ni upi umekusaidia, na ukipata vipele hutajua wa kuulaumu.

Hatua ya 4: Soma lebo kabla ya kulipa

Tafuta mambo matano: jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika (jani, ua, mzizi), miligramu za kiini kwa kidonge, namba ya toleo, na tarehe ya kuisha. Kwa St. John's wort, lebo nzuri hutaja pia kiasi cha hypericin, kemikali nyingine ya mmea huu, mara nyingi 0.3%.

Tofautisha *unga* na *kiini*. Unga ni mmea uliokaushwa na kusagwa. Kiini kimekamuliwa kwa kimiminika, mara nyingi kilevi chenye maji, kisha kikakaushwa; gramu kadhaa za mmea hutoa gramu moja yake. Miligramu 300 za unga hazilingani hata kidogo na miligramu 300 za kiini. Tafiti zilitumia kiini. Wanaosema "nimekunywa dozi ileile haikunisaidia" huenda walikunywa unga.

Chai je? Hyperforin haiyeyuki vizuri kwenye maji na huharibika kwa mwanga na hewa. Kikombe cha leo na cha kesho havitalingana. Kama ni burudani ya jioni, sawa. Kama ni tiba, hapana.

Zafarani ipime kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Dondosha nyuzi mbili tatu. Ya kweli hutoa rangi ya njano ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe unabaki mwekundu baada ya dakika 10 au 15. Ya bandia humwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka.

Unga usio na lebo, wa kwenye mfuko mweupe, usiunywe hata ukiletwa na mtu unayempenda. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na risasi na zebaki, na nyingine zimechanganywa kwa siri na steroidi au dawa za usingizi za hospitali. Dalili ya kushtukia ni hii: umeinywa jioni, kesho yake umepona. Hakuna mmea wa sonona unaofanya hivyo. Ikitokea, huenda kuna kidonge kimesagwa humo ndani.

Hatua ya 5: Anza kwa dozi iliyopimwa

St. John's wort: kiini miligramu 300, mara 3 kwa siku, pamoja na chakula. Dozi ya mwisho usiivushe magharibi ikiwa inakunyima usingizi.

Zafarani: kidonge cha miligramu 15, mara 2 kwa siku. Usijaribu kuipima nyumbani. Mizani ya jikoni inaanza kusoma kwenye gramu 1, na gramu 1 ni dozi ya siku 33.

Anza siku ambayo huna jambo jingine jipya: usianze na dawa mpya ya presha wiki hiyohiyo. Andika tarehe. Kopo likae gizani, pakavu, mbali na watoto.

Hatua ya 6: Jaza daftari kila wiki, siku ileile

Safu nne zinatosha: alama za PHQ-9, saa za usingizi, madhara, na neno la mtu wa nyumbani. Ukurasa wa kawaida unaonekana hivi:

Wiki 0 — 13 — saa 4 — hakuna — "hataki kuoga"
Wiki 1 — 13 — saa 4 — tumbo — "vilevile"
Wiki 2 — 12 — saa 5 — hakuna — "kala mara mbili"
Wiki 4 — 9 — saa 6 — hakuna — "kacheka na mtoto"

Angalia wiki ya 1 na ya 2. Karibu hakuna kitu. Hapo ndipo watu huongeza dozi mara mbili au kuhamia mmea mwingine. Subiri. Kutembea kila siku, kuacha pombe na kuamka saa ileile vinaendelea sambamba. Hivyo havigombani na dawa yoyote.

Hatua ya 7: Wiki ya 6, amua

Alama zimeshuka kwa nusu au zaidi: endelea, daktari akijua. Sonona iliyotulia ikiachiwa mapema hurudi, kwa hiyo panga naye muda, ambao kwa kawaida ni miezi 6 au zaidi.

Hazijafika nusu, na zimepungua kwa alama zisizofika 5: mmea huu haujakufaa. Acha. Tiba ya mazungumzo na dawa za hospitali bado zipo, na kuzifuata hakumaanishi umeshindwa.

Uko katikati: peleka daftari kwa daktari, lisome pamoja naye.

Zimepanda, wakati wowote: usingoje wiki ya 6.

Hatua ya 8: Acha kwa utaratibu

Punguza kwa wiki moja hadi mbili, St. John's wort, kwa mfano, kutoka vidonge 3 kwa siku hadi 2, kisha 1. Ini hubaki "limeamka" kwa takriban wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Watu hawalijui hili: ukiacha, dawa zako nyingine *zinapanda* kwenye damu. Daktari aliyekuwa amekuongezea warfarin bila kujua unakunywa mmea anaweza kukuta unatoka damu. Mwambie unapoanza na unapoacha.

Kama una upasuaji, acha wiki 2 kabla. Kuhamia dawa ya sonona ya hospitali kunahitaji pengo la wiki 2 pia. Ukitoka kwenye fluoxetine kuja kwenye mmea, subiri wiki 5, kwa sababu fluoxetine hukawia kutoka mwilini. Na dawa ya hospitali usiikatishe mwenyewe ili upishe mmea. Hilo ni la kupanga na aliyekuandikia.

Mambo yakienda kombo

*Natetemeka, natoka jasho, naharisha, moyo unakimbia, mwili una homa na misuli imekaza.* Serotonini imefurika, kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kuchanganya dawa au kuongeza dozi. Hospitali sasa hivi, na kopo mkononi.

*Macho yana unjano, mkojo una rangi ya chai ya rangi, nawashwa mwili mzima.* Ini linalia. Acha leo bila kupunguza polepole, kapime ini.

*Natoka matone ya damu katikati ya mwezi, na niko kwenye uzazi wa mpango.* Huenda homoni zimeshuka. Pima mimba, tumia kondomu, na uendelee nazo wiki 4 baada ya kuacha mmea. Kitanzi cha shaba hakiguswi na tatizo hili.

*Ngozi inaungua juani kuliko kawaida.* Hypericin huongeza makali ya jua. Vaa mikono mirefu na kofia. Ikitoka malengelenge, acha.

*Silali, sichoki, mawazo yanakimbia, najisikia mfalme.* Hiyo si nafuu. Acha, na mtu wa nyumbani akupeleke kwa daktari siku hiyohiyo, maana wewe mwenyewe hutaona sababu ya kwenda.

*Tumbo linasokota, mdomo mkavu, kizunguzungu.* Kunywa pamoja na chakula na maji ya kutosha. Mara nyingi huisha baada ya wiki moja.

*Nimesahau dozi.* Ruka, endelea na inayofuata. Usinywe mbili kwa mpigo.

*Nimeandikiwa dawa mpya hospitali na sikusema natumia mtishamba.* Rudi ukaseme kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kama unaona aibu kuongea, mpe daftari lililofunguliwa kwenye ukurasa wa dawa.